Vidonge Nilivyovifunga Kwenye Kanga

Binti yangu alifanyiwa operesheni ya kujifungua siku ya Jumanne, saa tisa alasiri. Mtoto alikuwa amelala kimshazari tumboni, hataki kugeuka, na daktari alisema tukizidi kusubiri tutawakosa wote wawili. Akatoka mtoto wa kike, analia kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nilipiga magoti pale pale kwenye korido, sakafu bado ina maji ya deki, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mlinzi akaniambia, "Mama, inuka, unazuia machela."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ninayotaka kuyaeleza ni ya Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Kwa sababu binti yangu hakuweza kumnyanyua mtoto, niliruhusiwa kubaki naye wodini. Mchana nakaa kwenye ukingo wa kitanda, usiku natandika mkeka chini yake. Sindano walichoma manesi wenyewe. Vidonge walipita navyo kwenye kitoroli mara tatu kwa siku, wanamkabidhi anayeuguza, maana mgonjwa anatakiwa ale kwanza, na anayejua uji umepoa ni yule anayeukoroga. Nesi anakuwekea dawa kiganjani, anatia alama kwenye faili, anasukuma kitoroli chake kwenda kitanda cha pili.

Jumatano asubuhi aliniwekea kidonge cha rangi mbili, akasema hiki cha kuua vijidudu. Halafu akaongeza panadol mbili na kidonge kidogo cha rangi ya machungwa. "Hizi za maumivu, bibi. Usikose kumpa."

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, na tangu jana yake naitwa bibi.

Kile cha vijidudu nilimpa. Vile vitatu vya maumivu nilivifunga kwenye pindo la kanga yangu, nikachomeka pindo kiunoni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sipati jibu moja. Nimezaa watatu, wa kwanza nyumbani na wawili zahanati, na sikupiga kelele. Kwetu mwanamke akipiga kelele leba, habari zake zinafika kisimani kabla yeye hajaamka kitandani. Kanisani nilifundishwa kwamba utungu ni fungu letu, na mimi fungu langu nililibeba, nikaona mwanangu naye alibebe. Tena nilikuwa na hesabu yangu kichwani: dawa ya vijidudu inatibu, dawa ya maumivu inafunika tu. Ukifunika kidonda utajuaje kimeoza? Na kuna kijana mmoja jirani yetu, alivunjika mguu kwa pikipiki, akapewa vidonge vya maumivu, mguu ukapona vidonge vikambaki. Mpaka leo ukipita stendi ya Buzuruga utamkuta ameegemea ukuta, anawaomba makonda hela ya kununulia vingine.

Na kulikuwa na mkwe wangu.

Huyu ni mama wa mume wa binti yangu. Mume mwenyewe ni dereva wa lori, siku hizo alikuwa safarini mbali, kwa hiyo ukweni walikuwa wanawakilishwa na mama yake. Alivuka kila asubuhi kwa pantoni ya Kamanga, amebeba hotipoti ya uji wa ulezi na ulimi wake. Siku ile ya Jumatano aliingia, akanisalimia vizuri, akamwangalia mjukuu wake, akatabasamu. Halafu akamwangalia mkwewe aliyelala.

"Pole, ng'wanone, mwanangu. Siku hizi mlango upo, watoto wanapitia dirishani."

Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka. Binti yangu naye akataka kucheka, tumbo likamkata, akafumba macho.

"Mimi nimezaa nane," mkwe akaendelea, anafungua hotipoti. "Wote nyumbani. Hata hiyo panadol sijui ladha yake."

"Na huyu anavumilia, mkwe," nikamjibu. "Tangu jana hujamsikia."

Nilisema kwa fahari. Nilijua fundo liko kiunoni. Nikawaza, wacha aone kwamba sikumlelea mwanae mke wa kudeka.

Kitanda cha tatu kutoka kwetu alikuwepo mama mmoja wa operesheni kama sisi, yeye alilia waziwazi. Nesi wa zamu ya asubuhi, mtu mzima, mwenye miwani ya kamba shingoni, alimjia juu.

"Wewe mama, operesheni ni operesheni. Ulitegemea utatekenywa?"

"Sista, naomba sindano."

"Umechomwa saa kumi na mbili. Nikikuzoesha utatoka hapa unatafuta sindano mtaani. Mwangalie mwenzako pale, mmepasuliwa siku moja. Umemsikia?"

Wodi nzima ikageuka kumtazama binti yangu. Naye akakaza uso, akatazama dari. Nilimpangusa jasho. Niliona ni heshima.

Jioni ile alininong'oneza, "Mama, sista si alisema kuna dawa za maumivu?"

"Ulizokunywa ndizo hizo," nikamwambia.

Sentensi hiyo sijawahi kuiandika mahali popote kabla ya hapa. Mimi ni mama ambaye watoto wangu nikiwakuta na uongo mdogo tu, hata wa kumaliza sukari, nawapigisha magoti. Na ilinitoka laini, bila kukwama.

Alhamisi mchana nesi alimaliza boksi la vile vidonge vya rangi ya machungwa, akalitupa kwenye kikapu, karatasi ya maelezo ikadondoka karibu na mguu wangu. Niliiokota. Mimi shule ya mchana niliacha nikiwa mdogo. Nilisoma ukubwani, madarasa ya jioni, tukikaa kwenye madawati ya watoto magoti yanagusa kidevu. Nilijifunza mpaka Kiingereza kidogo. Nikaanza kuisoma ile karatasi neno kwa neno, nikafika kwenye mstari unaotaja akina mama wanaonyonyesha, kwamba waulize daktari kwanza. Nikaishia hapo. Nikamwangalia mjukuu wangu, nikasema moyoni, unaona sasa, Mungu ameniongoza, dawa hizi zingeingia kwenye maziwa.

Karatasi ilisema muulize daktari. Na daktari alipita kila asubuhi.

Alikuwa kijana, umri wa mtoto wa dada yangu, mwembamba, anatembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Kila akifika kitandani kwetu alianza na adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, daktari, tunamshukuru Mungu."

Ndivyo tunavyojibu. Mtu anaweza kuwa nyumba imeungua jana, ukimuuliza habari atakwambia nzuri kwanza. Daktari akaandika, akaondoka. Na nesi naye, kuna sindano moja ilikuwa imeandikwa apewe kama ataihitaji. Alikuja Alhamisi jioni na faili, akasimama upande wangu.

"Bibi, mgonjwa wako anahitaji sindano?"

"Aa, sista, yuko vizuri."

Akatia alama. Binti yangu alikuwa hapo hapo katikati yetu, kati ya mdomo wangu na kalamu ya nesi, na hakuna aliyemuuliza.

Lakini hakuwa vizuri, na mimi nilishaanza kuona. Walimwambia aamke atembee, akakaa nusu, akarudi chini, midomo myeupe. Walimwambia akohoe, akawa anakohoa kooni tu kama paka. Tumbo lilikuwa linajaa, linakaza kama ngoma. Hewa haijatoka, na kila aliyepasuliwa pale wodini anaulizwa swali hilo bila aibu: umejamba? Wenzake wa Jumanne walishajamba wote, wameruhusiwa kula ugali. Yeye bado ni uji tu. Mtoto akiletwa kunyonya, mama anashindwa kugeuka ubavu, ziwa halifiki vizuri, mtoto anavuta patupu, analia mpaka anakuwa mwekundu. Maziwa niliyokuwa nayalinda yalikuwa hayashuki.

Ijumaa asubuhi nilimgusa paji la uso, lilikuwa la moto.

Nesi akaja na kitoroli. Nikapokea. Nikampa cha vijidudu. Vile vitatu nikavifunga na wenzake. Vilifika ishirini na kimoja, fundo limekuwa kubwa kama ndimu. Mkono ulizoea kufunga, ukafunga tu.

Daktari alipofika, salamu yake niliijibu, lakini lile neno "vizuri" lilinikwama. Hakusubiri. Alimwona binti yangu anavyopumua, pumzi fupi fupi za juu. Akafunua shuka, akaweka vidole tumboni, akabonyeza kidogo.

Binti yangu akapiga ukelele.

Siku tatu alikuwa hajatoa sauti, na sauti yote ilitoka kwa mara moja. Mkwe wangu, aliyekuwa anaingia mlangoni na hotipoti, alisimama. Hata yule mama wa kitanda cha tatu alinyamaza.

Daktari akachukua faili, akapitisha kidole kwenye alama, moja baada ya nyingine.

"Amekunywa zote?" akamuuliza nesi.

"Zote, daktari. Huyu bibi anampa kwa wakati."

"Panadol, na hii nyingine, mara tatu kwa siku, siku ya tatu leo." Alikuwa anajisemea. "Na bado anaumia hivi. Tumbo limekaza, homa imeanza, mapigo yanakimbia." Akafunga faili. "Mtu aliyekunywa dawa zote hizi hatakiwi kuumia hivi. Humo ndani kuna kitu. Inaweza kuwa damu, inaweza kuwa usaha. Sisubiri. Mwandaeni, saa sita tunamrudisha thieta."

Akaniangalia. "Mama, asipewe chochote mdomoni. Tutafungua pale pale tuangalie."

Nesi alileta fomu. Binti yangu ni mtu mzima, anasaini mwenyewe, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, akaniomba nimsomee. Nikasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Kwamba anakubali kufunguliwa tena tumbo. Kwamba ameelezwa hatari zake. Chini yake daktari aliongeza mstari kwa mkono: na ikibidi, kuondoa kizazi.

Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na siku tatu.

"Mama, unasemaje?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Subiri kwanza, usisaini. Nakuja."

Nilitoka mpaka kwenye baraza ya nyuma, wanapoanika shuka. Nikashika ukuta nikaanza kuomba. Nikasema, Bwana, mwanangu asipasuliwe tena, kizazi chake kisiguswe, nionyeshe muujiza. Nilikuwa naomba kwa nguvu, mpaka nikayumba mbele, na lile fundo likanigonga kwenye nyonga.

Likanigonga tena.

Sala ilinikatikia mdomoni. Nilikuwa namwomba Mungu kitu ambacho yeye alishanikabidhi mkononi tangu Jumatano, mara tatu kwa siku, nami nikakifunga. Niliona aibu ya ajabu. Si ya watu, maana hakuna mtu aliyejua. Na hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa: hakuna mtu aliyejua. Daktari anakwenda kumchana mwanangu kwa sababu ya dawa ambayo hajainywa, na duniani anayejua ni mimi peke yangu. Saa ya wodini, niliyoiona kupitia dirishani, ilikuwa tano na robo.

Nilikwenda kwenye meza ya manesi. Yule nesi wa miwani alikuwa anajaza karatasi.

"Sista."

"Bibi, subiri kidogo, naandaa mgonjwa wako."

"Sista, tazama."

Nikafungua fundo juu ya faili zake. Vidonge vikatawanyika, kimoja kikabiringika mpaka kwenye ukingo wa meza. Panadol nyingine zilikuwa zimevunjika zimekuwa unga. Alivitazama. Akavaa miwani, akavitazama tena.

"Hizi nini?"

"Ni zake. Za maumivu zote. Sikumpa hata moja."

Nilidhani atanipigia kelele. Hakupiga. Aligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu, akateremsha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Unajua umenifanya nini, wewe mama? Hapa nimetia alama zote. Zote! Hii ni saini yangu." Akaanza kuvikusanya vile vidonge kwa kiganja, haraka haraka. "Sikiliza. Namchoma sindano sasa hivi. Akitulia, namwambia daktari homa imeshuka, ataahirisha mwenyewe. Haya mengine yanabaki hapa, mimi na wewe."

Ningetamani kusema kwamba sikushawishika. Ningepona mimi, angepona na yeye, na mkwe wangu pale wodini asingejua kitu. Lakini nilifikiria, je, asipotulia? Daktari ataingia chumba kile akiwa bado haujui ukweli, kisu mkononi.

"Hapana, sista. Nimeshasema uongo siku tatu. Namwambia daktari."

"Bibi, utanifukuzisha kazi!"

"Nitasema kosa ni langu. Lakini nitasema."

"Na kule upasuaji hawatakuruhusu, utakuwa unapoteza muda tu."

Nilienda. Mlango wa kule upasuaji una maandishi mekundu ya kukataza watu, niliyasoma vizuri kabisa, nikagonga. Akatoka mhudumu, nikamwambia sitoki hapa mpaka nimwone daktari. Akinisukuma nitakaa chini. Akanitazama, akaona kweli nitakaa. Akamwita.

Daktari alitoka ameshavaa kofia ya kijani. Hakunisalimia safari hii.

Nilimwambia yote nimesimama. Sikulia, maana niliona nikilia atanionea huruma badala ya kunisikiliza. Nikamwambia ishirini na kimoja. Nikamwambia kuhusu karatasi na maziwa. Nikamwambia hata ile sindano, nesi alipouliza, nilijibu mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Shavu lake lilikuwa linacheza.

"Mama," akasema, "unajua nilikuwa nakwenda kutafuta nini mle ndani?"

"Sijui, daktari."

"Hata mimi sijui. Ningefungua tu, natafuta." Akavua kofia, akaikunja. "Na hizo dawa hazina shida kwa maziwa. Ungeniuliza. Nilikuwa nasimama pale kila asubuhi."

"Nilijibu vizuri."

"Ndiyo. Ulijibu." Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, kwa sauti ya chini, kama ananung'unika na kofia yake. "Na mimi nikakuuliza wewe. Mgonjwa ana mdomo."

Akanipita, akaenda wodini, mimi nyuma yake nakimbia.

Alimwamuru nesi achome sindano mbele yake. Nesi alichoma bila kunitazama. Kisha daktari akavuta kiti, akakaa, akainama usawa wa uso wa binti yangu, akamwambia taratibu kwamba hajanywa dawa za maumivu tangu Jumatano, kwamba mama amekuja kusema mwenyewe, kwamba sasa watasubiri saa moja na nusu. Tumbo likilegea, hawatapasua. Likibaki vile vile, watapasua, na hapo watakuwa na sababu ya kweli.

Mkwe wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda amembeba mjukuu. Alisikia kila neno. Wodi nzima ilisikia.

Binti yangu aligeuza kichwa akanitazama. Macho yale sitaki kuyaeleza.

Saa moja na nusu. Nilikaa kwenye sakafu, nimeegemea ukuta, kwa sababu sikuona kama nastahili kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Fomu ilikuwa juu ya kabati haijasainiwa, kalamu juu yake. Nilitazama kifua cha mwanangu kinavyopanda na kushuka. Sikuweza kuomba. Nilihesabu pumzi tu.

Mkwe wangu alishuka akakaa sakafuni karibu nami, miguu ameinyoosha, mtoto amelala kifuani pake. Nilijiandaa kwa maneno. Nikasema moyoni, aseme yote leo, ni haki yake.

"Mkwe," akaanza.

"Sema tu, mkwe wangu."

"Unajua mimi kwa nini sikupiga kelele?"

"Kwa kuwa ulikuwa na moyo."

"Nilifungwa kitambaa mdomoni." Alisema hivyo huku anampapasa mtoto mgongoni, kama anaongelea bei ya dagaa. "Mama mkwe wangu alinifunga. Cha kanga, amekiviringisha hivi."

Nikamuuliza, "Wote nane?"

"Watano." Akafikiri kidogo. "Wale watatu wa mwisho nilijifunga mwenyewe."

Mtoto akapiga chafya.

Kwenye saa sita hivi uso wa binti yangu ulianza kulegea. Kwanza mikunjo ya paji la uso, halafu taya. Akalala usingizi, mdomo wazi, usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Nesi alipita mara mbili kupima homa. Mara ya pili nilimuuliza, akajibu "imesimama pale pale", akaenda zake. Imesimama pale pale si kushuka. Nilirudi kuhesabu pumzi.

Daktari akarudi kabla muda haujaisha. Akafunua shuka, akaweka vidole. Binti yangu akaamka, akajikaza kwa kuzoea, akasubiri maumivu. Daktari akabonyeza. Akabonyeza upande wa pili.

"Unaumia?" Alimuuliza yeye.

"Naumia. Lakini si kama asubuhi."

"Kohoa. Shika mto, ukandamize hapa kwenye kidonda, halafu kohoa kutoka chini."

Akakohoa. Kikohozi cha kweli, kizito, kikatoka na makohozi yaliyokuwa yamelala kifuani siku tatu. Daktari akasikiliza mgongo, akasikiliza tumbo muda mrefu, amefumba macho.

"Mkalisheni," akasema. "Halafu asimame."

Tulimwinua mimi na mkwe, huku na huku. Aliuma meno, akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili. Akasimama. Ameinama kama bibi kizee, lakini amesimama. Akapiga hatua moja, ya pili, akafika kitanda cha jirani, akashika chuma chake. Na hapo, mbele ya daktari, nesi, mkwe wake na wodi nzima ya wazazi, akajamba. Mjambo mrefu, wenye zamu zamu.

Halafu yule mama wa kitanda cha tatu, aliyesimangwa juzi, akapiga makofi.

"Hongera, mwenzangu! Hongera sana!"

Wodi ikalipuka. Wanawake wanacheka wameshika matumbo yao, "jamani msinichekeshe, nyuzi zitakatika", mkwe wangu anapiga kigelegele, daktari naye ameangalia chini mabega yanatikisika. Binti yangu analia na kucheka. Mimi nilishika mkono wake nikasubiri anitoe. Hakunitoa, lakini hakunibana pia.

Daktari akachukua ile fomu kwenye kabati, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Tumbo limelegea na utumbo unafanya kazi. Hatupasui leo. Homa tutaiangalia mpaka kesho, nadhani ni kifua hicho, apumue na atembee." Kisha akamgeukia nesi. "Sista, kuanzia sasa dawa apewe mgonjwa mwenyewe, na mwone anameza."

"Sawa, daktari." Nesi alimjibu yeye, ila alinitazama mimi. Sijui alimwambia nini kuhusu zile alama. Sikumuuliza, na hakunisemesha tena mpaka tunaondoka.

Jioni ile kitoroli kilipofika, mkono wangu ulijinyoosha wenyewe. Binti yangu akatoa wake, akauweka juu ya wangu.

"Nipe mimi, sista."

Akameza mbele yetu, kimoja kimoja. Halafu, nesi alipokwenda, akasema bila kunitazama, "Ulisema ndizo hizo."

"Nilisema."

"Ulidhani siwezi kuvumilia, ukaona unifundishe?"

"Nilitaka wasikucheke."

"Mama, mimi nilidhani nakufa. Nilikuwa najiuliza, kama nimekunywa dawa na bado inauma hivi, basi ndiyo nakufa. Nikanyamaza nisikutishe."

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti, kama ninavyowapigisha wao. Akaniambia, "Inuka, mama, watu wanaona." Hakusema amenisamehe, nami sikumlazimisha. Maziwa yalishuka usiku ule.

Homa ilikata Jumamosi. Jumatatu tukaruhusiwa. Kwenye dirisha la dawa aliita mtoa dawa, nikapokea mimi kwa kuwa binti yangu alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto. Zilikuwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, ameandika mara tatu kwa siku, baada ya kula. Nilitembea nayo hatua kama kumi, nikamkabidhi. Akaifungua, akahakikisha zimo. Akachukua pindo la kanga yake mwenyewe, akaziweka, akapiga fundo, akalichomeka kiunoni.

Alikaa kwangu Kiseke mpaka mumewe aliporudi safari. Nilipika, nilifua nepi, nilimkanda mtoto. Dawa sikuzigusa. Siku ya pili pale nyumbani alikuwa sebuleni ananyonyesha, simu yake iko kwenye chaji upande wa pili wa meza, akaita, "Mama, saa ngapi?"

Nilikuwa jikoni. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama na simu yangu, ndipo nikamjibu.

"Saa nane kamili, mwanangu. Ni muda wake."

Nikamsikia akinyanyuka taratibu, amembeba mtoto, akaivuta simu yake akaichungulia. Kisha akafungua fundo.